Ruzuku za vyama mwaka wa uchaguzi: CAG anakagua nini hasa?

Mzee wa Vocha (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kabla sijaanza: mambo ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 yana nyuzi zake humu, na yana uzito wake. Hapa naomba tuongee hesabu tu. Aliyekuja kutukana chama cha mwenzake apite, mlango uko wazi.

Kila mwaka ripoti za CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, zikifika bungeni mitandao inachafuka. Halmashauri fulani imekula, shirika fulani lina hasara, mradi fulani hewa. Katikati ya vumbi hilo vyama vya siasa hupita kimyakimya. Mtu anasoma "chama kimepata hati inayoridhisha", anafunua ukurasa unaofuata. Mimi nasema pale ndipo pa kusimama, maana ruzuku ni hela ya mlipakodi, na mwaka wa uchaguzi hela hiyo inageuka mafuta, fulana, jukwaa, spika na posho.

Kwa wasiojua: ruzuku ipo kwa Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992. Sheria inaruhusu Serikali itoe hadi asilimia 2 ya bajeti ya matumizi ya kawaida ukiondoa deni la taifa, na mgao unafuata kura na viti. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, Rais Kikwete akaisaini Machi mwaka huo mbele ya kamera. Hii ndiyo inayotaka chama na mgombea waseme wamepata kiasi gani, kutoka kwa nani, wametumia vipi. Msimamizi wake ni Msajili wa Vyama.

Sasa kumbukeni Oktoba 2013. PAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali, chini ya Zitto Kabwe, ilitoka hadharani ikasema vyama tisa vimepokea ruzuku tangu 2009 bila hesabu zake kukaguliwa inavyotakiwa. Jumla ilikuwa Sh bilioni 67.7. CCM karibu bilioni 51, Chadema bilioni 9.2, CUF bilioni 6.3 hivi, halafu inashuka NCCR-Mageuzi, UDP, TLP, mpaka unafika Chausta yenye milioni 2.4. Ndani ya miaka hiyo mna uchaguzi mkuu mzima, ule wa 2010.

Huo uchaguzi wa 2010 mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa mtunza hazina msaidizi wa chama kimoja katika wilaya moja, sitaji vyote viwili. Siku tatu kabla ya kura zilikuja fedha za mawakala wa vituo. Mawakala 212, kila mmoja elfu kumi. Hesabu rahisi, milioni mbili na laki moja na ishirini elfu. Zilikuja kwenye bahasha ya kaki pamoja na fomu tupu: namba, jina, kituo, kiasi, sahihi au dole gumba.

Mawakala wengine walipewa elfu tano. Wengine waliambiwa chama ni moyo, watalipwa baadaye. Lakini fomu ilitakiwa irudi makao makuu imejaa, la sivyo hatupati fungu linalofuata. Katibu akaagiza kibweta cha wino, ule wa zambarau wa mihuri, akakaa mezani na taa ya chemli. Umeme ulikuwa umekatika. Akaanza na dole gumba la kulia, safu ya kwanza. Akaenda la kushoto. Akaona yanafanana mno, akahamia vidole vingine, akawa anavizungusha: kingine akikandamize, kingine akiguse tu, kingine akiburuze kidogo kama cha mzee anayetetemeka. Mimi nilikuwa nasoma majina kwa sauti. Tulimaliza saa saba usiku. Jumapili ya kura kila Mtanzania alikuwa na wino kidole kimoja, katibu wetu alikuwa nao kumi.

Fomu ile ilikwenda makao makuu kama kielelezo halali, na mimi niliiandikia barua ya kuambatanisha kwa mkono wangu. Ndiyo maana nauliza: anayekagua fedha za kampeni anakagua nini? Kwa ninavyoona, ukaguzi wetu unaanzia makao makuu na kuishia makao makuu. Fedha ya kampeni inatumika kwenye kata, usiku, mkono kwa mkono.

Karibuni.

Chura Kiziwi

Mkuu umenichekesha mpaka wife kaamka. Vidole KUMI 😂😂 Kama angevua viatu angefikisha ishirini.

Mkwaju Mchungu

Umesahau kusema kwamba huyo mwenyekiti wa PAC mwenyewe alikuwa Naibu Katibu Mkuu wa Chadema, chama kilichokuwa kwenye orodha yake. Na mwezi uliofuata akavuliwa vyeo. Ndiyo ujue siasa za ukaguzi zilivyo.

Mzee wa Vocha

Mkwaju, usichanganye. Kuvuliwa vyeo Novemba 2013 sababu iliyotangazwa ilikuwa ule waraka wa mabadiliko ndani ya chama. Kama mnataka kuamini vingine, aminini, lakini mimi siandiki nisichoweza kukiambatanishia karatasi. Isipokuwa nikiwa na njaa kama 2010.

Ila nakubali kwamba vyama vilibisha. Wapo waliosema hesabu zao zilikaguliwa na wakaguzi wao wenyewe, zikapelekwa kwa Msajili. Tofauti ni nani alimchagua mkaguzi na nani alimlipa. Ukimlipa mpishi mwenyewe halafu umuulize pilau lina chumvi, unategemea jibu gani?

Hoja ya Ukaguzi

Nimekaa kimya humu miaka, leo nimeingia kwa ajili ya uzi huu. Nimefanya ukaguzi miaka 14 kwenye kampuni binafsi, na tumewahi kupewa kazi ya kukagua chama kwa niaba. Nieleze kidogo, maana naona watu wanasoma hati kama matokeo ya mtihani.

Hati inayoridhisha haina maana hakuna aliyekula. Ina maana taarifa za fedha walizoandaa zinakubaliana, kwa kiasi kikubwa, na vitabu na vielelezo tulivyoonyeshwa. Hati yenye shaka ni kwamba kuna eneo hatukuridhika nalo. Hati isiyoridhisha ni kwamba hesabu zenyewe zinapotosha. Na kuna pale mkaguzi anasema nimeshindwa kutoa maoni, vielelezo sikupewa. Hiyo ya mwisho watu huiona nyepesi kwa sababu haimtuhumu mtu. Kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote.

Pili, hatuangalii kila vocha, tunachukua sampuli. Chama kina matumizi ya bilioni kadhaa, wewe una wiki tatu na vijana wanne. Unaanza na malipo makubwa: kodi ya ofisi, mishahara, magari, uchapaji. Milioni mbili na laki moja za mawakala wa wilaya moja hazifiki kwenye meza yangu. Zinaingia kwenye mstari mmoja mrefu unaoitwa "fedha zilizopelekwa mikoani na wilayani". Nikigusa mstari huo naomba kuona hati ya malipo, barua ya maombi, na uthibitisho wa benki kwamba fedha imefika. Vyote vipo na vimepigwa muhuri. Nafunga faili.

Tatu, na hapa ndipo roho inauma. Mara nyingi ruzuku inaingia akaunti ileile yenye ada za wanachama, michango ya matajiri na mkopo wa mwenyekiti. Maji yakishachanganyika kwenye pipa, nani atakwambia kikombe hiki kimetoka mto upi? Unaambiwa zile fulana zimenunuliwa kwa mchango, ruzuku ililipa mishahara. Mwaka unaofuata wanakugeuzia.

Binti Rufiji

Shikamoo Mzee wa Vocha, na wewe Hoja. Swali la mshamba: hivi masurufu ya kampeni yanarejeshwaje? Mimi ofisini kwetu nikichukua laki mbili za safari nisiporejesha ndani ya wiki mbili wanakata kwenye mshahara.

Mzee wa Vocha

Marahaba binti. Masurufu ya kampeni yanarejeshwa kwa imani.

Bila utani: enzi zetu mashine za EFD, zile za risiti za kielektroniki, ndiyo kwanza zinaingia, na kituo chetu cha mafuta cha wilayani hakikuwa nayo. Kilikuwa na buku la risiti la kaboni. Dereva alikuwa anapewa na kurasa tatu nne tupu zenye muhuri, kama nyongeza, vile muuza nyanya anavyokuongezea moja juu ya fungu. Risiti za safari ya wiki mbili zote namba zinafuatana. 0431, 0432, 0433. Maana yake kwa siku kumi na nne kituo kile hakikumuuzia mtu mwingine mafuta ila Land Cruiser yetu. Hakuna aliyeuliza.

Hoja ya Ukaguzi

Namba kufuatana ni somo la kwanza kabisa la ukaguzi. Lakini uione risiti kwanza. Zilikuwa wapi?

Mzee wa Vocha

Kwenye boksi la sabuni, chini ya kitanda cha katibu.

Nyangumi wa Kilindini

Wadau wa Bongo, naingia kutoka Mombasa. Msidhani sisi tuna nafuu.

Kwetu kuna Hazina ya Vyama vya Kisiasa chini ya sheria ya 2011. Sheria inasema isipungue asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Kila mwaka vyama vinalia kwamba Hazina Kuu inatoa kipande tu, chama cha ODM walienda mpaka kortini kudai malimbikizo. Lakini kwa uzuri wa karatasi, sheria yetu iko sawa sana. Inataja kazi za pesa hizo, gharama za uchaguzi zikiwemo. Angalau asilimia 30 iende kwa kuwezesha wanawake, vijana, walemavu na jamii ndogo. Utawala na mishahara visizidi asilimia 30. Kumlipa mwanachama au mfuasi ni marufuku. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ndiye anakagua, na chama kinafaa kuchapisha hesabu zake magazetini ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kuisha.

Mambo yanaharibika ukifika kwa kampeni yenyewe. Kuna sheria ya fedha za kampeni ya 2013. Wabunge wakaiahirisha, wakasema ianze baada ya uchaguzi wa 2017. Sawa. Agosti 2021 IEBC, tume yetu ya uchaguzi, ikatoa viwango, mgombea urais asipitishe shilingi bilioni 4.4. Bunge likakataa zile kanuni, tume ikaondoa tangazo. Tukaingia 2022 bila kikomo. Kwa hivyo mkaguzi wetu anakagua pesa za chama, halafu zile za kampeni, zenye zinamwagwa na helikopta, hazina kitabu. Ni kama askari wa kaunti anayeshika mama mboga na huku lori la magendo linapita nyuma yake.

Na hiyo marufuku ya kulipa wafuasi inafanya watu wawe wabunifu. Mtu hulipwi kama mfuasi, unalipwa kama "mwezeshaji wa warsha". Warsha yenyewe ni ya kupiga kelele kwa mkutano.

Mkwaju Mchungu

Kwetu hiyo warsha iliitwa takrima. Wazee mnakumbuka? Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya 2000 yalihalalisha takrima, kwamba mgombea kukirimu wageni ni utamaduni wetu. Mahakama Kuu ikaifuta Aprili 2006 baada ya asasi za haki za binadamu kwenda kushitaki. Jina limefutwa, wali umebaki.

Binti Rufiji

Tena siku hizi wali unaitwa "chakula cha kikao cha ndani". Nimewahi kuhudhuria kikao cha ndani cha watu mia sita. Ndani ya uwanja wa shule.

Mpemba Asiyelala

Mnazunguka mbuyu. Ruzuku si suala la hesabu, ni kamba. Mwenye kushika ncha ndiye anaamua nani apumue. Angalieni CUF baada ya 2016, chama pande mbili, na ugomvi mkubwa ukawa ruzuku inaingia akaunti ya nani. Angalieni Chadema Mei 2025. Msajili kasitisha ruzuku, kwa hoja ya akidi ya kikao cha Baraza Kuu na uhalali wa viongozi. Kwa hiyo 2013 fedha za mabilioni hazina ukaguzi wa kueleweka na mgao unaendelea, ila kikao kikikosa akidi bomba linafungwa siku hiyohiyo. Halafu mnaniambia tuimarishe ukaguzi. Mnampa fimbo nani?

Mzee wa Vocha

Mpemba, hapo umenigusa na sina jibu zuri. Nakupa nusu jibu. Kama fedha inaweza kukatwa, sababu ya kukatwa iwe ile inayopimika. Vielelezo vipo au havipo. Akidi watu wanaweza kubishana mpaka asubuhi, lakini risiti namba 0431 hadi 0460 za dereva mmoja hazina mjadala.

Mpemba Asiyelala

Na nani atazitazama risiti za chama kikubwa kwa jicho hilohilo?

Msafiri wa Lyon

Naomba nichangie kutoka huku niliko, Ufaransa, mwaka wa kumi na moja sasa. Watu hudhani Ulaya mambo haya yameisha. Ngoja niwape kisa.

Huku utaratibu umegeuzwa. Serikali haikupi hela ya kampeni kwanza ndipo ikukague. Mgombea anatumia zake au za mkopo, anapeleka hesabu, zikikubaliwa ndipo anarudishiwa. Kila mgombea lazima awe na wakala wa fedha, mtu au asasi maalumu, na akaunti moja ya benki kwa ajili ya kampeni tu. Hesabu zinapitiwa na mhasibu aliyesajiliwa, zinakwenda kwa tume ya taifa ya hesabu za kampeni. Kuna kikomo: kwenye urais wa 2012, aliyefika duru ya pili alitakiwa asizidi euro milioni 22.5. Ukipata zaidi ya asilimia 5 ya kura unarudishiwa hadi asilimia 47.5 ya kikomo hicho, kama euro milioni 10.7. Chini ya asilimia 5 unarudishiwa kidogo sana.

Nicolas Sarkozy alishindwa uchaguzi ule. Desemba 2012 tume ikazikataa hesabu zake, ikasema amepitisha kikomo kwa euro 363,615. Miongoni mwa yaliyomponza ni mkutano wa Toulon wa Desemba 2011, ambao yeye aliuita shughuli ya rais na tume ikaona ni kampeni. Julai 2013 Baraza la Katiba likaunga mkono. Akakosa ile milioni 10 na ushei yote. Chama chake, UMP, kikapitisha bakuli kwa wanachama, wakachanga kama milioni 11 ndani ya miezi miwili.

Mpaka hapo mnasema safi sana, wenzetu wana meno. Sasa sikilizeni. Mwaka 2014 ikabainika kwamba kampeni ile ilikuwa imetumia karibu euro milioni 43. Ziada ilikuwa imefichwa kwenye ankara za kampuni moja ya kuandaa mikutano, Bygmalion. Gharama za jukwaa na taa za mikutano ya kampeni ziliandikiwa chama, kwa jina la makongamano na semina ambazo hazikufanyika. Hesabu za mgombea zikabaki nyembamba. Tume ilikagua faili la mgombea kwa makini, ikanasa laki tatu na sitini, na pembeni yake milioni 20 zikapita zimevaa jina la semina. Mahakama ilimtia hatiani 2021, rufaa 2024 ikampa mwaka mmoja, nusu yake kwa kuahirishwa, na Novemba 2025 mahakama ya juu kabisa ikathibitisha. Yeye mwenyewe siku zote amekana.

Kwa hiyo Nyangumi, ile "warsha" yenu ina ndugu yake Paris.

Chura Kiziwi

Semina hewa Paris, vidole kumi Bongo. Dunia kijiji kweli.

Nyangumi wa Kilindini

😂 Ndugu wa damu kabisa. Lakini nimependa hiyo ya kulipwa baadaye. Leta risiti, pata pesa. Hiyo ndiyo dawa.

Mpemba Asiyelala

Dawa kwa nani? Chama kidogo kitapata wapi hela ya kutanguliza? Benki gani itamkopesha mgombea wa upinzani kwa dhamana ya kura ambazo hazijapigwa, na hata zikipigwa... niishie hapo.

Msafiri wa Lyon

Mpemba uko sahihi, na hata huku inauma. Kuna fedha ya kutanguliziwa lakini ni ndogo, 2022 ilikuwa euro 200,000 kwa mgombea urais. Mwaka huo Valérie Pécresse, mgombea wa chama kikubwa cha mrengo wa kulia, alipata asilimia 4.78. Akakosa mstari wa asilimia 5 kwa kucha. Kesho yake alisimama mbele ya kamera kuomba michango, akisema ana deni la euro milioni 5 kwa jina lake binafsi. Huyo ni mtu wa chama kilichowahi kutawala. Mwenye chama kidogo hata mlango wa benki haoni.

Hoja ya Ukaguzi

Basi changanyeni. Ruzuku ya kuendesha ofisi itangulie kama ilivyo. Fungu la kampeni litoke kwa awamu, awamu ya pili isitoke mpaka ya kwanza irejeshwe, na iwe na akaunti yake, isikutane na hela nyingine. Hilo peke yake lingenipunguzia nusu ya kazi. Na aliyeletewa ankara alazimike kuonyesha hesabu zake pia, si chama tu. Kisa cha Msafiri kinaonyesha kwamba ukimtazama mlipaji peke yake unaona anachotaka uone. Mimi nikimkagua mwenye jukwaa na spika nitakuta tarehe, mji, na idadi ya viti. Semina haihitaji spika za kufika kilomita mbili.

Lakini Mzee wa Vocha, wewe mwenyewe hujatuambia. Kwa awamu ulizoeleza, fungu la pili lilitegemea marejesho ya la kwanza. Ndivyo walivyofanya makao makuu yenu, sivyo? Na ndiyo sababu mkajaza fomu usiku.

Mzee wa Vocha

Umenikamata. Ndivyo. Sharti lilikuwa zuri, sisi tukalitengenezea vidole.

Binti Rufiji

Hapo mmenipoteza. Kwa hiyo masharti yakiwa makali watu wanaghushi, yakilegea wanakula?

Hoja ya Ukaguzi

Dada, sharti likiishia kwenye karatasi, watakupa karatasi. Mkaguzi lazima atoke nje ya karatasi walau mara moja. Kwenye kazi ya mawakala ningefanya hivi: naomba orodha ya mawakala walioapishwa, ile iliyopelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi. Nailinganisha na orodha ya malipo. Majina yanapishana wapi? Halafu nachagua majina kumi na tano bila mpango, nawapigia simu. "Habari za siku nyingi, uliwahi kuwa wakala wa chama fulani kituo fulani, ulipewa kiasi gani?" Mtu aliyeahidiwa elfu kumi akapewa tano hasahau, hata ipite miaka kumi. Atakutajia na rangi ya shati la aliyempa.

Mzee, hiyo fomu yenu ilikaguliwa kweli mwishowe?

Mzee wa Vocha

Baada ya yale makelele ya 2013, mwaka uliofuata wakaguzi walianza kuomba vielelezo vya nyuma. Mimi nilikuwa nimeshaacha kazi hiyo. Nilipigiwa simu na kijana wa uhasibu wa makao makuu, ananiuliza kama nina fomu halisi ya mawakala, maana kwenye faili kuna fotokopi tu.

Nilipanda basi nikaenda, kwa nauli yangu, usiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka kuiona. Akanitolea faili. Fotokopi yenyewe ilikuwa ya fotokopi. Wino ule wa zambarau ulikuwa umegeuka madoa meusi, yote sawasawa, 212, kama mbegu za papai zilizomwagwa kwenye karatasi. Hata mimi niliyekuwepo nisingeweza kusema lipi ni dole gumba na lipi ni kidole cha shahada. Juu ya ukurasa wa kwanza mkaguzi alikuwa ameweka alama ya vema kwa kalamu ya kijani.

Nikamwambia yule kijana halisi sinayo. Hakuuliza zaidi, akanipa maji ya chupa.

Hoja ya Ukaguzi

Kijani ni rangi ya mkaguzi, kweli. Alama hiyo ina maana alijumlisha safu ya kiasi ikakubaliana na hati ya malipo. Basi.

Hakuwapigia simu?

Mzee wa Vocha

Fomu ilikuwa na namba, jina, kituo, kiasi, sahihi au dole gumba. Safu ya namba ya simu haikuwepo.

Hoja ya Ukaguzi

Aliyeichora fomu hiyo ni nani?

Mzee wa Vocha

Ilikuja na bahasha.